Hesabu ya mtoto isiishie geti la hospitali

JICHO LA ULUGURU
Na Zuhura Mkude

Katika rejesta ya wodi ya watoto, safari ya mgonjwa hufungwa kwa neno moja: ameruhusiwa, amepewa rufaa, ametoroka au amefariki. Kwa mtoto aliyelazwa kwa nimonia akapona, hilo linatosha. Lakini yuko mwenye kichwa kikubwa aliyewekewa mpira wa kushusha maji ya kichwani, ana kifafa, na kila akinyweshwa uji hupaliwa. Huyo akiruhusiwa, mama yake hupanda naye milima ya Uluguru hadi Nyandira au Kolero na mfuko wa dawa, na tangu hapo hospitali haina habari naye.

Akifia kwenye pikipiki njia ya Matombo, takwimu za wodi hubaki nzuri. Akiishi lakini akadhoofu kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha mama namna ya kumlisha, hubaki nzuri vilevile. Hilo linaniuma. Tunapima kazi ya kitanda, na maisha ya mtoto hatuyapimi.

Wenzetu wa Mbale, Uganda, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 100 wenye kichwa kikubwa, baadhi wakiwa wamewekewa mpira na wengine wamefanyiwa upasuaji wa kamera usiohitaji mpira. Hawakuishia kuuliza nani yu hai. Mwaka mmoja baada ya upasuaji walipima akili ya mtoto, lugha yake na mwendo wa viungo vyake. Tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili haikuonekana, na jibu la namna hiyo hupatikana tu kwa kumfuata mtoto baada ya kutoka hospitali.

Hapa kwetu, hospitali ya Muhimbili iliwafuatilia wagonjwa 1,725 wa selimundu kati ya 2004 na 2009. Waliofariki walikuwa 86, na kasi ya vifo ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka mitano. Wengine 209 walipotea machoni mwa watafiti, nao wakaandikwa hivyo bila kufichwa. Hao 209 hawanitoki kichwani. Wodi ya kawaida haiwezi hata kutaja idadi ya watoto iliowapoteza kwa namna hiyo.

Wala sisi wa Morogoro si wageni wa kazi hii. Katika miaka ya 1990, mradi wa AMMP ulipita nyumba kwa nyumba Morogoro Vijijini, ukiuliza nani amefariki na kwa dalili gani. Baadaye mradi wa TEHIP uliwasaidia wakuu wa afya wa wilaya kupanga fedha kufuata takwimu za aina hiyo, na malaria ikapata fungu lililolingana na madhara yake. Vifo vya watoto vilipungua. Kama tuliweza kuhesabu waliokufa katika milima hii, tunashindwaje kuwahesabu walio hai?

Mtoto mwenye mahitaji mengi aruhusiwe akiwa na jina lake kwenye daftari la pekee, pamoja na namba ya simu ya mama na ya mhudumu wa afya wa kijiji. Baada ya mwezi, kisha miezi mitatu, kisha mwaka, aulizwe: kilo zimeongezeka? Degedege imemshika mara ngapi? Dawa zipo? Anakaa mwenyewe? Na mama naye aulizwe yeye anaona nafuu ni nini, maana huenda kwake ni mtoto kulala usiku kucha, naye akapata nguvu ya kwenda shamba.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa isije ikahukumiwa kwa hesabu hiyo peke yake. Anayepokea wagonjwa wagumu atakuwa na vifo vingi kuliko zahanati inayowapeleka kwake, kwa hiyo hali ya mtoto alipofika iandikwe, na umbali wa kwao pia. Barabara ya Mgeta ikikatika masika, mama asiyerudi kliniki si mzembe.

Kazi hii inataka nauli na muda wa maongezi. Vikao vya bajeti vya halmashauri vikianza, madiwani wa kata za milimani waulize fungu hilo limeandikwa ukurasa gani.