Muchezaji mukubwa, kontra inaisha: atolewe ao abakie?



Kila mwaka, wakati mwezi wa 2 unakaribia, mabishano ni ile ile mu bisi ya kazi. Mu basketi ya Marekani, ile NBA, kuna siku moja mu mwezi wa 2: ikipita, hakuna ekipe inaweza tena kubadilishana wachezaji mpaka sezoni iishe. Kwa hiyo ekipe yenye nyota ambaye kontra yake inaisha ku kati ya mwaka inapashwa kuamua. Imutoe sasa, ipate wachezaji wengine ku nafasi yake? Ao ibakie naye, na iombe Mungu asiende? Wamoja wanasema: atolewe, juu akienda bure mutalia. Wengine wanasema: mutu mwenye kukuletea ushindi haumuuzishe kama mufuko wa bunga.

Sisi wa sendika tuko na mawazo yetu. Tuanzie kwa mutoto wa inchi yetu, Dikembe Mutombo, aliyetuacha mu 2024. Yeye alipitia njia zote mbili.

Mutombo, muzaliwa wa Kinshasa, aliingia Denver mu 1991. Mu 1994 Denver ilikuwa ya nane, ya mwisho kabisa kati ya zile zilizopita upande wao. Ikakutana na Seattle, ya kwanza. Denver ilipigwa mara mbili, kisha ikashinda mara tatu. Hakuna ekipe ya nane ilikuwa imefanya vile mbele yao. Wazee wetu wanakumbuka ile picha: Mutombo amelala chini, mupira ameukamata kwa mikono mbili juu ya kichwa, anacheka. Mu 1995 akachaguliwa mulinzi wa kwanza wa shampiona yote.

Mu 1996 kontra yake ikaisha. Denver haikumutoa mbele, na haikufika kusikilizana naye. Mutombo akaenda Atlanta, kontra ya miaka 5. Denver ikapata nini? Hata muchezaji mumoja hapana. Hatusemi kama mutu mumoja njo alikuwa ekipe yote, lakini mu sezoni ya 1997-98 Denver ilishinda michezo 11 tu ku 82.

Atlanta nayo ikafika pale pale. Mu 2001 kontra ya Mutombo ilikuwa inaisha, na ekipe ilikuwa inapigwa kila poso. Atlanta haikungoja. Mu mwezi wa 2 ikamutuma Philadelphia, kwa Allen Iverson, na ikapokea wachezaji wane, kati yao Theo Ratliff na Toni Kukoc. Mutombo akafika ku finali, ijapo Los Angeles iliwapiga 4 kwa 1. Na Atlanta? Ilirudi mu michezo ya mwisho-mwisho mu 2008. Kwa hiyo wale wanaosema kuuzisha ni dawa, nao wapunguze sauti. Ukitoa mutu mukubwa unaweza kupokea watu wane, lakini watu wane si lazima wafanye mukubwa mumoja.

Tena kuna Toronto. Mu 2016 Bismack Biyombo, mutoto wa Lubumbashi, alikamata mipira 26 mu muchezo mumoja juu ya Cleveland. Toronto ilikuwa inamulipa karibu milioni 3 za dola kwa mwaka. Kontra ikaisha, Orlando ikamupa milioni 72 kwa miaka 4, akaenda. Nani kati yetu angekatala? Mu 2018 ile ile Toronto ikamuchukua Kawhi Leonard, ikijua vizuri kama kontra yake itabakia mwaka mumoja. Mu 2019 ikakamata kikombe, ya kwanza mu historia yake, na Leonard akaenda zake. Toronto haikumutoa mu mwezi wa 2, na ilifanya vizuri, juu kikombe kilikuwa karibu.

Basi, mawazo yetu ni haya. Ekipe iliyo karibu na kikombe ibakie na nyota wake, hata kama ataenda. Ekipe iliyo mbali, kwanza iketi naye chini, mapema, imuulize: unataka kubakia? Na yenyewe iseme ukweli: feza iko ao haiko? Kama jibu ni hapana, imutoe mbele ya ile siku, mu mwangaza, yeye akijua. Kosa la Denver si kupenda Mutombo. Kosa ni kungoja bila kusikilizana, mpaka mulango ukafungwa.

Lakini kuna neno moja tunalisikia mu bisi, na hilo tunalikatala: "Ni mutu wa kusaliti." Hapana, makamarade. Mutu aliyemaliza kontra yake amelipa deni lake. Zamani muchezaji wa kule alikuwa mali ya ekipe: kontra ikiisha, ekipe bado ilimushika, mpaka imuuzishe ao imufukuze. Nani alivunja ile kamba? Ni sendika ya wachezaji. Oscar Robertson, nyota na prezida wao, alipeleka shampiona ku tribinali mu 1970, na maneno yakaisha kwa masikilizano mu 1976. Kisha mulango ukafunguliwa pole pole. Zile milioni za Biyombo zilianzia pale.

Tuangalie tena jambo hili: muchezaji akitolewa, kontra yake inamufuata. Mushahara ni ule ule, miaka iliyobakia ni ile ile. Na sisi? Tumeona wenzetu, asubui, majina yanasomwa ku mulango wa kazi: kuanzia leo muko ku soustraitance ingine. Bisi ni ile ile, shimo ni lile lile, lakini miaka 6 ya kazi inafutwa, unaanza ku zero, na unapewa karatasi ya kutia sinyatire mbele ya saa sita. Bibi anajifunza kama kuna mabadiliko siku feza ya mwezi inafika nusu. Kode yetu ya kazi ya 2002 inasema wazi: patro mumoja akichukua nafasi ya mwingine, kontra zinazotembea zinaendelea. Hiyo si zawadi ya shefu, ni sheria.

Kwa hiyo, ukisikia mu bisi wanabishana juu ya nyota na kontra yake, ingia na wewe, ni furaha yetu. Lakini ukifika ku nyumba, toa kontra yako mu valizi, angalia siku inaanza na siku inaisha, na umuonyeshe bibi yako. Kama mwisho uko karibu, uone delege wa sendika miezi mbele, si siku ya mwisho. Na wakikuletea karatasi ya kukuhamisha, usitie sinyatire mbele delege aisome. Mutombo hakungoja Denver imuamulie maisha. Na sisi tusingoje.