UZI: "Turudishie yule wa zamani"

1/
Mama zangu, baba vijana, na ninyi mnaosubiri wa kwanza: leo hatuongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo tunaongelea albamu ya Mmarekani mmoja iliyotoka mwaka 2010 ikawavuruga mashabiki wake. Msikimbie jamani. Kilio cha wale mashabiki, ukikichuja, ni kile kile ninachokisikia wodi ya wazazi na kwenye kliniki ya siku 42: "Huyu simuelewi. Turudishie yule wa zamani."

2/
Nilimjuaje? Kwa ugonjwa, kama kawaida yetu manesi. Septemba 2023 zilitoka habari kwamba mwanamuziki Sufjan Stevens aliamka asubuhi moja hawezi kutembea. Mikono na miguu ganzi tupu. Hospitali wakagundua ni Guillain-Barré: kinga ya mwili inageuka na kuishambulia mishipa ya fahamu. Akawekewa dripu za kingamwili siku tano, halafu mazoezi ya kujifunza kutembea upya.
Hapo hapo niseme la kazini: miguu ya mtoto au ya mtu mzima ikilegea ghafla, usisubiri kesho. Ugonjwa huu unaweza kupanda mpaka kwenye kupumua. Na kwa mtoto ni lazima polio ichunguzwe pia. Hospitali, siku hiyo hiyo.

3/
Basi nikaanza kumsikiliza kwenye zamu za usiku. Jina lake ukilitamka ni Sufiani wetu kabisa. Alizaliwa Detroit mwaka 1975, na jina alipewa na mwanzilishi wa Subud, jumuiya ya kiroho iliyoanzia Indonesia, ambayo wazazi wake walikuwamo. Yeye mwenyewe ni Mkristo. Anapiga gitaa, banjo, piano, na vingine kibao. Ni wale wanamuziki wa indie, wanaotoa kazi zao kwa kampuni ndogo badala ya yale makampuni makubwa. Ya kwake aliianzisha na baba yake wa kambo, anaitwa Lowell. Mlikumbuke hilo jina, tutalirudia.

4/
Mwaka 2005 alitoa albamu inaitwa Illinois. Nyimbo 22, zote zikizunguka jimbo moja la Marekani: miji yake, watu wake, historia yake. Banjo, tarumbeta, kwaya, na sauti ya chini kama mtu anayembembeleza mtoto. Watu waliipenda mno. Tena aliwahi kusema atatengeneza albamu ya kila jimbo la Marekani, yote 50, na ya Michigan alikuwa ameshaitoa mwaka 2003. Baadaye akakiri kwamba ule ulikuwa utani wa kutangazia kazi. Lakini mashabiki walishajiwekea picha: Sufjan ni banjo, Sufjan ni upole, na jimbo linalofuata linakuja.

5/
Wakasubiri miaka mitano. Katikati alitoa vitu vingine, mabaki ya nyimbo za Illinois, filamu na muziki kuhusu barabara kuu moja ya New York. Albamu mpya kamili ya nyimbo, hakuna. Halafu Oktoba 2010 ikaja The Age of Adz.
Unabonyeza. Wimbo wa kwanza mtulivu, unasema ah, ndiye. Wimbo wa pili mlango unafunguliwa kwa teke. Ngoma za kompyuta, milio inayopasuka, vinanda vya umeme vinagombana na kwaya. Wimbo wa mwisho peke yake una zaidi ya dakika 25, na ndani yake anaimba kwa Auto-Tune, ile inayofanya sauti iwe ya roboti. Sisi wa bongo fleva tumeizoea, ila kwa mashabiki wa banjo ilikuwa kama babu kuingia msikitini na miwani ya disko.

6/
Jukwaani ndiyo kabisa. Mavazi ya rangi za kung'aa gizani, wacheza shoo, mataa. Mtu aliyezoea kumuona na banjo yake alibaki anajiuliza kama tiketi aliyokata ni ya mtu mwingine.

7/
Mashabiki wakagawanyika. Wapo waliosema moja kwa moja kwamba ameharibu, kelele tupu, amejisahau. Wapo walioipenda siku ya kwanza. Na wapo, nadhani ndio wengi, walioiweka pembeni, wakairudia baada ya muda, miezi au miaka, ikawaingia. Leo utakuta watu wanaiweka juu ya Illinois. Lakini lile kundi la kwanza ndilo lililonikaa kichwani. Hawakuishia kusema "siipendi". Walisema "huyu si yeye".

8/
Sasa sikilizeni kilichokuwa nyuma ya pazia, maana yeye mwenyewe alikieleza kwenye mahojiano. Kabla ya albamu ile aliugua. Virusi vilivyomchezea mfumo wa fahamu, maumivu yasiyoisha, ikabidi aache kazi kwa miezi. Na humo ndani kuna wimbo ambao jina lake tu ni kutaka kupona. (Anatukana humo kwa sauti, mara nyingi. Msiuweke watoto wakiwa macho.)
Yaani watu walikuwa wanadai banjo kutoka kwa mtu ambaye alikuwa anadai mwili wake.

9/
Mimi si mchambuzi wa muziki. Ila wagonjwa ninawajua. Mtu aliyelala miezi na maumivu ambayo hayaonekani kwa macho anaanza kuusikia mwili kama mashine mbovu. Moyo unadunda, masikio yanalia, misuli inaruka ruka, usingizi unakatika vipande. Nilipousikiliza ule wimbo wa kutaka kupona saa nane za usiku, wodi imetulia, sikusikia kelele. Nilisikia mgonjwa. Na nilijiuliza: kama angetuletea banjo na upole ule ule, je, huo si ndio ungekuwa uongo?

10/
Na kuna jambo lingine tamu. Mwaka 2001, kabla ya Michigan na Illinois, alishatoa albamu nzima ya muziki wa kompyuta, kuhusu wale wanyama wa kalenda ya Kichina. Kwa hiyo huyo "mgeni" wa 2010 alikuwepo tangu mwanzo. "Yule wa zamani" waliyemdai hakuwa wa zamani hata kidogo. Alikuwa ni yule tu waliyemkuta walipofika.
Soma tena sentensi hiyo, kisha mfikirie mkeo. Au mumeo.

11/
Tuwe waadilifu. Shabiki ana haki ya kutopenda. Umenunua kwa pesa yako, umesikiliza, haikukugusa, sema. Mapenzi hayalazimishwi. Na msanii naye si malaika, kuna albamu mbovu duniani na kusema umebadilika hakuifanyi iwe nzuri. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya "hii siipendi" na "wewe si wewe". La kwanza ni maoni. La pili ni kumfukuza mtu nje ya nafsi yake, tena wakati ambao ndio kwanza anajaribu kurudi ndani.

12/
Mnajua kilichofuata? Machi 2015 akatoa albamu nyingine, laini kabisa, gitaa na sauti ya chini. Wale wa zamani wakafurahi: amerudi! Albamu inaitwa Carrie & Lowell. Lowell mnamjua sasa. Carrie ni mama yake mzazi, aliyemwacha akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, mama aliyeishi na sonona, skizofrenia na ulevi, akafariki kwa saratani ya tumbo Desemba 2012. Ule upole waliousubiri miaka kumi ulikuja ukiwa umebeba jeneza.
Hakuwa amerudi. Alikuwa amefiwa.

13/
Sasa nyumbani. Kijana mmoja alimleta mkewe kliniki siku ya 42. Mtoto mzuri, ananenepa. Nikauliza mama unaendeleaje, akajibu baba: "Nesi, huyu amebadilika sana. Zamani alikuwa mcheshi, sasa hivi hata ukimsemesha hakujibu. Namwambia kila siku arudi kuwa kama zamani." Mama anaangalia sakafu.
Nikamwambia baba atusubiri nje kidogo. Nikamuuliza mama swali moja tu: ilikuwaje siku ile? Alilia robo saa. Alitokwa na damu nyingi, akapasuliwa, akaongezewa damu, na katikati ya yote aliamini anakufa. Wiki sita zimepita. Mama mkwe, wifi, majirani, wote walishaulizia kilo za mtoto. Yeye hakuna aliyemuuliza ilikuwaje.

14/
Baba alipoingia tena, mkewe akamsimulia mwenyewe. Yule kijana alikuwa hajui. Alikuwa nje, akaambiwa "wote wazima", akashukuru Mungu, basi. Hakuwa mume mbaya. Alikuwa shabiki anayemkumbuka yule aliyempenda mwanzo, na alidhani kumkumbusha kila siku ni kumsaidia. Wengi wetu tuko hivyo. Tunaona ni mapenzi, kumbe mwenzetu anasikia: ulivyo sasa hutoshi.

15/
Lakini msinielewe vibaya, sisemi kila badiliko lipigiwe makofi. Michoro ya kasha la ile albamu ya 2010, na hata jina lake, vimetoka kwa Royal Robertson, mchoraji wa mabango wa Louisiana, aliyefariki 1997. Alikuwa na skizofrenia. Mkewe aliondoka baada ya karibu miaka 20 ya ndoa, na yeye akajaza nyumba na uwanja michoro ya vyombo vya angani, unabii wa mwisho wa dunia, na maneno makali juu ya wanawake. Leo tunaitazama kama sanaa, na ni sanaa kweli. Ila kwa jicho la nesi naona pia mtu aliyekuwa anaumwa mbele ya macho ya watu.

16/
Kwa hiyo shikeni tofauti hii. Mzazi kulialia na kununa siku za mwanzo ni kawaida, mara nyingi hupita ndani ya wiki mbili. Ikizidi wiki mbili, hana furaha na chochote, halali hata mtoto akilala, hali, anajiona hafai, hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua. WHO wanasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, kubwa ni hiyo sonona. Inatibika. Mleteni.
Na akianza kusikia sauti, kuona visivyoonekana, kukesha siku kadhaa bila kuchoka, au kusema habari za kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura kama ilivyo kutokwa damu. Usimwache peke yake, usimpeleke kwanza kwa mganga. Hospitali, sasa hivi.

17/
Mtaniuliza, nitajuaje kama huyu amebadilika tu au anaumwa? Kwa kuuliza na kusikiliza, hakuna njia nyingine. "Rudi kama zamani" haikupi jibu lolote, inamfundisha tu kuigiza. Atajichekesha mbele yako na kulia bafuni. "Ilikuwaje?" ndiyo inayofungua mlango. Muulize, kisha nyamaza. Usimkatize na "mshukuru Mungu mtoto mzima". Ameshashukuru.

18/
Wale mashabiki walioirudia The Age of Adz baada ya muda hawakufanya kazi ya ajabu. Waliacha kuitafutia banjo, wakasikiliza kilichokuwemo. Basi. Wengine bado haikuwapendeza, sawa tu. Ila walimpa yule mtu nafasi ya kusema alikotoka.
Mzazi naye ametoka mahali. Kuna aliyetoka salama, kuna aliyechungulia kaburi. Yule wa kabla ya mimba hatamrudisha mtu, hata yeye mwenyewe akitaka. Huyu aliyerudi ndiye mliye naye, na bado hamjamsikiliza.

19/
Leo usiku, mtoto akishalala, zima runinga, weka simu chini. Maliza kusoma hii kwanza, haha. Muulize mama wa mtoto wako: ilikuwaje siku ile? Na wewe mama, ukimaliza, muulize na baba. Naye alikuwa kwenye benchi nje, hakuna aliyemuuliza.
Kesho kutwa tunarudi kwenye chanjo ya miezi tisa. Usiku mwema, wa zamu tuko macho.