Bei Yenye Mkia

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na mimi naongeza kwamba siku hizi rahisi huvunja hata safari. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo huenda wasomaji wengine wakalistaajabia likitoka katika kalamu ya mtu aliyelelewa chuoni, nalo ni hoteli zilizo karibu na nyumba za kamari katika mji wa Las Vegas, Marekani, na namna msafiri anavyoweza kupata chumba cha bei nafuu bila ya kutozwa ada za siri.

Kwanza niondoe shaka. Kamari ni haramu na katika hilo hapana mjadala, wala simtumi mtu kwenda kucheza. Lakini watoto wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale wametawanyika ulimwenguni, na wako Marekani kwa masomo na kwa kazi. Kila mwezi wa Januari hufanyika Las Vegas maonyesho makubwa ya vyombo vya elektroniki yaitwayo CES, na wafanyabiashara wa simu na mitambo huenda huko kutoka kila upande wa dunia. Ipo pia mikutano ya madaktari, ya wahandisi na ya wauzaji wa kila aina. Wengine hupita pale njiani kwenda kulitazama bonde kuu la Grand Canyon. Mtu kama huyo, hata kama hajapata kushika karata maishani mwake, atalala wapi? Hoteli nyingi zilizo karibu na kumbi za mikutano zina kasino chini yake, na mara nyingi huwezi kutoka mlangoni kuiendea lifti ila upite baina ya mashine za kamari. Basi asiyecheza naye ana haki ya kujua analipia nini.

MTEGO

Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931. Kwa miaka mingi baada ya hapo, wenye hoteli za Las Vegas waliuza vyumba kwa bei ya kutupa, na chakula kadhalika. Haukuwa ukarimu. Walijua kwamba kile walichokisamehe chumbani watakipata maradufu mezani, usiku, mgeni atakapokaa kuijaribu bahati yake. Cha mlevi huliwa na mgema. Chumba kilikuwa chambo tu, na samaki alikuwa mcheza kamari.

Hapa pana swali ambalo sijamsikia mtu akiliuliza. Chumba kile cha rahisi alikilipia nani? Alikilipia yule aliyeingia kasino na mshahara wa mwezi mzima akatoka mikono mitupu. Sisi tusiocheza tukilala kwa rahisi tulikuwa tukilala juu ya hasara ya mwenzetu. Mimi si mufti na sitoi fatwa, lakini nasema kwamba mtu mwenye moyo hujiuliza.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Mapato ya hoteli kubwa za barabara ile iitwayo Las Vegas Strip yalianza kutoka zaidi katika vyumba, vyakula na maonyesho kuliko katika kamari yenyewe. Basi kile kilichokuwa chambo kikawa ndicho samaki. Wenye hoteli walitaka chumba kilete fedha, lakini hawakutaka kuiacha sifa ya kuuza rahisi. Watafanyaje? Wakaikata bei vipande viwili. Kipande kimoja wakakitundika nje kila mtu akione, na kipande cha pili wakakificha ndani.

Kipande hicho cha pili wamekiita kwa jina zuri, ada ya mapumziko. Huambiwa mgeni kwamba ni malipo ya intaneti, ya chumba cha mazoezi ya viungo, ya bwawa la kuogelea na ya kupiga simu za pale mjini. Hata kama hujui kuogelea na simu yako umo nayo mfukoni, utalipa, na utalipa kwa kila usiku. Kampuni ya Caesars ilikuwa ikijitangaza kuwa haitozi ada hiyo, lakini mwaka 1913 na wa karne hii si mmoja, na katika mwaka 2013 nayo iliingia katika mkumbo. Kisha mwaka 2016 kampuni ya MGM Resorts ilianza kutoza hata kuegesha gari katika hoteli zake za barabara ile, mahali ambapo kwa miaka mingi gari lililazwa bure.

Natoa mfano wa hesabu, nao ni mfano tu, si bei ya hoteli fulani. Tuseme umeona chumba kwa dola 40 usiku mmoja, ukafurahi. Siku tatu ni dola 120. Ukifika unaambiwa kuna ada ya dola 45 kwa kila usiku, yaani dola 135. Sasa ni 255. Juu ya hiyo kuna kodi ya serikali, ambayo huko ni yapata asilimia 13, na kodi hiyo hutozwa juu ya chumba na juu ya ada pia. Unafika dola 288. Ada peke yake imeizidi bei ya chumba! Na jirani hapo palikuwa na hoteli isiyo na kasino wala ada, chumba dola 80. Wewe uliipita ukaiona ni ghali mara mbili. Siku tatu kwake ni dola 240, na pamoja na kodi ni dola 271. Ile ghali ndiyo iliyokuwa rahisi.

FIKIHI

Watu wanaosema kwamba hii ni akili ya biashara, na kwamba mjinga ndiye aliwaye, nawakumbusha tuliyofunzwa tungali watoto. Kupangisha chumba ni ijara, na katika madhehebu yetu ya Kishafii ni sharti ujira ujulikane na pande zote mbili wakati wa kufunga mkataba. Ujira usiojulikana ni gharari, na gharari huubatilisha mkataba. Hakuna mwanafunzi aliyepita katika milango ya biashara ya vitabu vya fikihi asiyelijua hilo.

Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaliona fungu la nafaka limepangwa vizuri. Akautia mkono wake ndani, vidole vikatoka na maji. Alipomuuliza mwenyewe, yule mtu alijibu kwamba nafaka ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile mbichi juu watu wakaiona, kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si wa kundi lake. Tafadhali litazameni neno hilo. Hakumkataza kuiuza nafaka iliyonyeshewa. Alimtaka aiweke juu. Na hao wa Las Vegas shitaka lao ni hilo hilo. Watoze wanachotaka, hoteli ni zao, lakini wakiweke juu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kamari na ada ya siri zinapokutana, kwani zimezaliwa na mama mmoja. Kamari ni kutoa fedha hali hujui utapata nini. Ada ya siri ni kupokea kitu hali hujui utatoa nini. Yule aliyejizuia asikae mezani hukuta amechezeshwa pale mapokezini, na begi lake angali amelishika mkononi.

SHERIA

Wamarekani wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 2012 tume yao inayosimamia biashara, FTC, iliziandikia barua kampuni 22 za hoteli kuzionya kwamba kuificha ada hiyo huenda kukawa ni kumdanganya mnunuzi. Mwaka 2019 mwanasheria mkuu wa mji wa Washington aliishitaki kampuni ya Marriott, na yule wa jimbo la Nebraska akaishitaki Hilton, kwa shauri hilo hilo. Mwishowe, Desemba 2024, tume ile ilitoa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei, 2025. Kanuni inasema kwamba hoteli ikitangaza bei ni lazima itangaze jumla, pamoja na ada zote ambazo mgeni hana hiari nazo.

Hiyo ni hatua njema, lakini msafiri asilale usingizi. Kanuni haikuiondoa ada wala haikuiwekea kipimo. Imesema tu ionyeshwe. Kodi ya serikali yaweza bado kuongezwa baadaye, kabla ya kulipa. Na yale yaitwayo ya hiari hayamo katika jumla hiyo, kama kuegesha gari, kuingia chumbani mapema kabla ya saa yake, na vinywaji vya katika friji ndogo ya chumbani. Hiyo friji jihadhari nayo. Katika baadhi ya hoteli ina mtambo ndani yake, ukiiondoa chupa mahali pake kuisoma tu imetengenezwa na nini, bei yake imekwisha kuandikwa katika hesabu yako.

DAWA

Mtu afanye nini basi? Kwanza, asilinganishe bei za usiku mmoja. Alinganishe jumla ya siku zake zote, chumba na ada na kodi, mpaka senti ya mwisho, kisha ndipo aseme hii rahisi na hii ghali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, azitazame kwanza hoteli zisizo na kasino. Zipo nyingi, baadhi yake ni mwendo wa miguu tu kutoka barabara kuu, na katika hizo ndimo mara nyingi huikuti ile ada. Katika baadhi yake gari hulazwa bure na chai ya asubuhi imo. Kwa Mwislamu kuna faida kubwa zaidi ya hiyo, kwani atateremka na watoto wake asubuhi bila ya kuwapitisha katikati ya wacheza kamari na walevi. Na asiogope kuwa mbali kidogo, kwa sababu basi liitwalo Deuce hupita barabara ile mchana na usiku.

Tatu, achague siku. Jumapili hadi Alhamisi vyumba ni rahisi kuliko Ijumaa na Jumamosi. Wiki ya maonyesho makubwa, au ya mashindano ya magari ya Formula 1 yanayofanyika pale mwezi wa Novemba tangu mwaka 2023, bei hupaa, na asiye na shughuli wakati huo aiepuke.

Nne, aulize kwa maandishi kabla ya kulipa. Jumla ni kiasi gani? Kuegesha gari je? Mkifungia amana katika kadi yangu ya benki, ni kiasi gani, na itafunguliwa lini? Hili la amana limewaaibisha wengi, kwani hoteli huzizuia fedha katika kadi siku ya kuingia, na mtu mwenye fedha za kuhesabu hujikuta hana hata nauli ya basi. Jibu alihifadhi. Kuuliza si ujinga, na mwenye karatasi hashindwi na mwenye maneno.

KWETU

Nimeyasema ya Las Vegas, lakini macho yangu yako pwani. Huku kwetu msafiri hulipa kodi ya thamani ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na baadhi ya hoteli huongeza malipo ya huduma. Hayo si siri wala si dhambi. Dhambi ni kumtajia mtu bei ambayo hayamo, ukangoja mpaka amekwisha kulala ndipo umletee karatasi ya pili. Wapo wenye nyumba za wageni na madalali wa vyumba wanaofanya hivyo, na wapo wanaojifunza kufanya hivyo kwa kuona kuwa wakubwa wa dunia wamefanya wakatajirika.

Ndugu zangu, mji wa bandari huishi kwa neno lake. Babu zetu walifanya biashara na majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwa kuaminiana, na nahodha aliyedanganywa mara moja msimu uliofuata alitia nanga kwingine. Mgeni wa leo hangoji hata huo msimu. Akidhulumiwa usiku, asubuhi ulimwengu mzima umekwisha kujua.

Kwa hivyo nawaomba wenye hoteli, wakubwa kwa wadogo, kutoka Lamu mpaka Vanga, wasingoje tume wala kanuni. Waandike bei moja mlangoni, yenye kila kitu, na awe mtu akiona elfu nne alipe elfu nne. Huenda jirani mwenye bei ya mkia akaonekana rahisi kwa siku mbili tatu. Lakini mgeni atarudi kwa yule aliyemwambia kweli, na riziki iliyotoka katika kweli, hata ikiwa ndogo, ina baraka.