Mali Bila Daftari

Itetemia iko karibu na Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita pande hizo. Kirangozi alitangulia, na wapagazi wa Kinyamwezi walimfuata wakiimba. Nyimbo zile zi wapi leo? Nyingi zimezikwa pamoja na waimbaji, maana hazikuandikwa.

Wako wasemao, "Lugha ya wazee haihitaji kitabu, yakaa kinywani." Lakini kinywa cha mzee hufumbwa siku moja, wala hakifumbuliwi tena.

Fikirini, watoto, kazi ya wamonaki Wabenediktini. Huko Ufaransa shirika lao la Mtakatifu Mauro, lililoanzishwa mwaka 1618, lilisifiwa kwa elimu. Mmoja wao, Jean Mabillon, alitoa kitabu mwaka 1681 kuonyesha jinsi ya kutambua hati ya kweli na ya uongo: kwa mwandiko wake, muhuri wake na tarehe yake.

Wabenediktini wengine, wa shirika lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884, walifika Pugu mwaka 1888. Mmoja wao, Padre Cassian Spiss, alianzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898. Aliwasikiliza Wangoni, akaandika lugha yao. Kazi hiyo ilipigwa chapa Berlin mwaka 1904. Mwaka uliofuata, akiwa Askofu, aliuawa katika vita vya Maji Maji. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wakuu wengi wa Wangoni pale Songea. Basi aliyeandika alikufa, na wengi wenye lugha walikufa. Maneno yaliyoandikwa yakabaki.

Labda mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya wageni wenye elimu." Sivyo. Katika kazi ile mgeni alikuwa mwanafunzi, na Wangoni ndio waliokuwa walimu. Mtoto wa Itetemia amemtangulia mgeni yule, kwa kuwa mwalimu wake ni bibi yake, aketiye naye jikoni kila jioni.

Basi na atwae daftari. Aandike methali moja kama ilivyosemwa, bila kuipamba, kisha aandike jina la msemaji na tarehe, ili watakaosoma baadaye waweze kuisadiki. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Na lugha ni mali.