MAREJEO NI NGAMANI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni mwake. Zunguka uzungukavyo, mwisho utarudi pale pale. Wengi wetu tumeikariri methali hii ili kupamba insha, basi. Mimi leo naitumia kutetea hoja: katika safari ya mtoni, siku zenye thamani kubwa kuliko zote ni zile za mwisho, na safari yenyewe haiishii gatini bali nyumbani. Anayerudi na picha na mapambo pekee, kwa maoni yangu, amekula hasara ya nauli.

Mpenzi msomaji, usidhani nasema ya kusikia. Likizo ya Desemba iliyopita, mjomba wangu afanyaye kazi Kairo alinialika Misri na kunilipia nafasi katika dahabiya. Dahabiya ni jahazi la mto Naili, lenye matanga mawili na vyumba vichache vya kulala. Sisi abiria tulikuwa kumi na wawili tu. Upepo ukikosekana, chombo huvutwa na mashua ndogo ya injini. Meli kubwa za watalii hubeba watu wengi na hutia nanga penye gati kubwa, lakini dahabiya husimama hata kwenye ukingo wa matete, ukashuka ukatembea shambani kwa watu. Tuliabiri pale Esna tukaelekea kusini hadi Aswan, siku tano. Sitawachosha na mahekalu ya El Kab na Edfu, kwani hayo yamo vitabuni tele.

Kwanza niseme neno kwa wapenzi wa Kiswahili. Mle chomboni nilijihisi nusu nyumbani. Nahodha wao humwita "rais", nami nikacheka kimoyomoyo, maana kwetu rais ni mmoja tu na hashiki usukani wa jahazi. Chombo ni "markib", bila shaka ndugu yake merikebu yetu. Na huo mto wenyewe watu wa kawaida huuita "bahr", yaani bahari!

La pili, kwenda kusini kule ni kupanda mto. Upepo hutoka kaskazini ukakusukuma juu, nao mkondo hukurudisha chini. Wamisri wa kale walilijua jambo hili hata likaingia katika maandishi yao: safari ya kusini waliichora kama jahazi lililotweka tanga, na ya kaskazini jahazi lililoshusha tanga. Kwa hiyo, kila siku tulipokuwa tukienda mbali na Kairo kwa mjomba, mimi nilikuwa naikaribia Kenya. Najua maji mengi yanayofika Aswan hutoka nyanda za juu za Uhabeshi, na yale ya Ziwa Viktoria hupotea kwa wingi katika vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Hata hivyo, kwetu ni Budalangi, pale mto Nzoia unapoingia ziwani. Nani ataniambia kwamba hamna hata kikombe kimoja cha Nzoia katika Naili?

Sasa nije kwenye siku hizo za mwisho. Baada ya kuiona Gebel el-Silsila, machimbo ya mawe yaliyojengea mahekalu mengi ya Misri, abiria wenzangu walianza kuondoka kabla ya kuondoka. Mwili u chomboni, roho iko uwanja wa ndege. Huyu anapanga sanduku, yule anahesabu pesa za bahasha ya kuwapa mabaharia, wengine wanaulizana nani kanunua shali kwa bei gani. Tulipofika Kom Ombo, penye hekalu la Sobek, mungu mamba, baadhi yao hawakushuka. Eti "mahekalu yote ni sawa."

Wale walioshuka waliona mamba waliokaushwa na kuhifadhiwa tangu enzi za kale. Lakini mimi jambo lililonigusa pale halikuwa mamba. Rais wetu alikuwa mzee Mnubi. (Msimchanganye na Wanubi wetu wa Kibra, ambao wazee wao walikuwa askari waliotolewa Sudan na Waingereza.) Alinyosha mkono upande wa mashariki, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba huko ndiko kwao, lakini siko kwao.

Maana ya fumbo hilo ni hii. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1970. Liliwapa Wamisri umeme na maji ya kulimia mwaka mzima, na hilo sitalikana. Lakini nyuma yake palifanyika ziwa refu la kiasi cha kilomita 500, likafunika nchi ya Wanubi. Watu wapatao 100,000, wa Misri na wa Sudan, walihamishwa. Wale wa Misri waliletwa karibu na Kom Ombo kati ya 1963 na 1964, mahali paitwapo Nasr el-Nuba, wakavipa vijiji vipya majina ya vile vilivyozama. Watu waliozoea kuamka na kuuona mto mlangoni walijikuta mbali nao. "Babu yangu yuko chini ya maji," rais alisema, akimaanisha kaburi. Jamani! Katika miaka hiyo hiyo, mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande vipande, yakapandishwa juu na kuunganishwa upya kati ya 1964 na 1968, na dunia nzima ikachanga. Mawe yalipata wa kuyabeba hadi nyumba mpya karibu na pale pale pa zamani. Wenyeji hawakubahatika hivyo.

Siku ya mwisho tulikuwa Aswan. Hapo jahazi haliwezi kuendelea: mbele kuna mawe ya maporomoko, kisha bwawa la zamani la mwaka 1902, kisha hilo Bwawa Kuu. Wenzangu walikimbilia sokoni kununua viungo na vinyago. Mimi nilimwomba mjomba tuvuke hadi kisiwa cha Elephantine, kwenye ngazi za mawe za kale zinazoshuka mtoni. Ukutani zimechorwa alama za kupimia mafuriko. Mto ulipofurika, wakuu walisoma alama wakajua mavuno yatakuwaje na kodi itozwe kiasi gani. Nilisimama pale kama aliyepigwa na butwaa. Wenzetu waliyaandika mafuriko yao kwenye mawe! Sisi kwetu yanakuja, yanatufukuza, yanakwenda, na hakuna anayeandika hata mstari.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Mtu amelipa pesa zake, muache apumzike, siku ya mwisho ni ya kufunga mizigo." Haya, mizigo ni lazima ifungwe, na zawadi za nyumbani si dhambi, hata mimi nilimnunulia mama kitambaa. Ninachosema ni kwamba siku za kwanza mgeni huwa bado anashangaa. Anapiga picha kila kitu na hajui la kuuliza. Ni hizo za mwisho ambapo mabaharia wamekuzoea, haya imetoka, na mtu anakufungulia moyo wake. Ukizitumia siku hizo kubishania bei ya shali, umefunga mlango wakati mwenyeji ndiyo kwanza anaufungua.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Treni ilitutwaa usiku kucha kutoka Aswan hadi Kairo. Kisha ndege, saa tano hivi hadi Nairobi, ikiruka kwa muda huo mfupi juu ya nchi za mto ambao kipande chake kidogo tu tulikipanda kwa siku tano. Halafu basi la kwenda Busia, matatu ya Port Victoria iliyojaa pomoni, na mwisho bodaboda juu ya tuta la udongo linalouzuia Nzoia usituingilie. Nilikuwa nimechoka tiki, vumbi hadi kwenye kope.

Jioni ile watu walijaa uani wakitaka habari za piramidi. Nyanya yangu aliniacha niseme weee, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na hao wa huko, maji yakijaa hukimbilia wapi?"

Nikamweleza habari za Wanubi, vijiji vyao na makaburi yao. Akanyamaza kidogo. Ndipo akaanza kusimulia mambo ambayo sijawahi kumsikia akiyasema. Mvua kubwa za mwaka 1961 zilipoanza, yeye alikuwa msichana mdogo. Ziwa likapanda hadi 1964, na boma la baba yake likamezwa, ng'ombe wakahamishwa usiku. Tazama miaka hiyo! Rais wetu na nyanya yangu walifukuzwa na maji wakati mmoja, kwenye ncha mbili za mto ule ule. Mimi nilidhani habari za kuhama ni zetu wa juzi, kwa kuwa mwaka 2020 ziwa lilipopanda tena tulilala shuleni kwa wiki kadhaa. Nimeishi na nyanya miaka yote hii na sijawahi kumuuliza boma la kwanza lilikuwa wapi. Aliponyosha kidole kuonyesha, kidole kilielekea ziwani.

Ndiyo maana nasema anayerudi ana deni. Tembea uone, naam, lakini ukirudi uwaulize wa kwenu maswali yale yale uliyowauliza wa ugenini. Nani alihama? Mwaka gani? Maji yalifika wapi? Wazee wanaoyajua haya wanapungua, na tuta letu halina alama hata moja ya kutuambia.

Nakiomba basi chama chetu cha Kiswahili jambo moja. Likizo ijayo kila mwanachama aende na daftari. Wa Nzoia aandike ya Nzoia, wa Nyando ya Nyando, wa Tana ya Tana. Tuandike kwa Kiswahili sanifu, pamoja na majina ya wazee wetu ya mahali na ya mafuriko, na tuyachapishe katika gazeti hili mwaka ujao. Mimi nimeshaanza na nyanya. Kurasa sita sasa, na bado hajafika mwaka wa 1970.