Stonehenge Si Feki, Wacheni Mchezo

Wasee, ile picha imerudi: kreni inanyanyua jiwe pale Stonehenge, Uingereza. Eti ushahidi kwamba kitu yote ilijengwa juzi. Hebu tulieni.

Picha ni ya ukweli. Mwaka wa 1958 walisimamisha tena mawe yaliyoanguka 1797. Sasa jiulize, jiwe litaangukaje 1797 kama halikuwa limesimama? Mchoraji John Constable aliichora Stonehenge 1835, kreni hiyo hata haijaundwa. Upepo ukibeba mabati ya shosho na fundi ayarudishe, utasema nyumba imejengwa leo?

Wengine nao wanaruka kwa viumbe wa anga. Mawe makubwa yalitoka kama kilomita 25 hivi, madogo yakatoka Wales. Wataalamu bado wanabishana yalifikishwa vipi, lakini walioyasimamisha ni watu, yapata miaka 4,500 iliyopita.

Mimi hii maneno ya "watu wa kale hawangeweza" inanikera kwa sababu tunaijua. Wakoloni waliitumia kwa Great Zimbabwe, wakidai ilijengwa na wageni, si Waafrika. Leo wewe unaisambaza bure, na bando ni yako.