Breki Kwanza, Rangi Baadaye

SAFU: BONDENI NA MLIMANI
Na Bakari Nampota

Wanunuzi wa chuma chakavu wana macho makali. Wakipita huku kwetu Kusini, Ndanda, Mwena, hadi huko Newala, hawaulizi nani anauza. Wanachungulia nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au mkorosho, wakiona gari limepandishwa juu ya matofali wanabisha hodi. Mazungumzo hayachukui muda. Gari lilikuwa la marehemu mzee, warithi wamechoka kulitazama, na bei ya kilo inatajwa na kukubaliwa hapohapo. Ikifika jioni, Land Rover iliyobeba wagonjwa, maharusi, misiba na magunia ya korosho inakatwa vipande kwa gesi.

Mimi napinga, na sipingi kwa ajili ya kumbukumbu, maana kumbukumbu haijazi tangi. Napinga kwa hesabu. Familia ya kipato cha kawaida iliyoachiwa gari kuukuu lenye chasisi nzima, ikilifufua taratibu, itapata chombo cha kuifikisha mahali ambako Noah na Probox hazifiki. Ila kuna sharti: fedha iende kwenye breki, usukani, springi na upozaji wa injini kabla ya kwenda kwenye rangi na mapambo. Wengi huanzia mwisho. Wananunua rimu pana, taa za juu ya bodi na keria kubwa, kisha gari linarudi juu ya matofali likiwa limependeza.

Tuliangalie gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma ni cha kugombania. Watengenezaji wakaunda bodi kwa aluminiamu na chasisi kwa chuma. Uamuzi ule wa shida ndio unaotufaa sisi leo, kwa kuwa bodi hailiwi na kutu. Kinachooza ni chasisi, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, nayo huliwa ikaacha unga mweupe. Series III, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa ile bodi ndefu ya 109, ilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985. Hata iliyo changa kuliko zote ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Fundi wa kweli wa magari haya humjui kwa wingi wa spana. Utamjua siku ya kwanza, anapotandika boksi lililofunuliwa, akalala chini ya gari na nyundo ndogo na kuanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa mlio mfu, na nyundo huacha kishimo. Fundi hukaa zaidi kwenye boriti la nyuma kabisa na kwenye vishikio vya springi, kwa sababu ndiko tope la masika hujibana na kukaukia. Akitoka huko chini na vumbi kichwani, ndipo maneno huanza: "Mifupa mizima. Sasa tuseme habari ya miguu." Chasisi ikiwa imeoza, usibembeleze. Uza. Kuichomelea viraka kila mwaka ni kumlipa fundi kodi ya nyumba yake.

Mifupa ikiwa mizima, kazi ya kwanza ni breki. Series zote zina breki za ngoma kwenye magurudumu manne. Gari likikaa muda mrefu, silinda ndogo zilizomo ndani ya ngoma hushika kutu, raba hukauka, na mabomba ya mafuta ya breki huliwa kutoka nje. Hapo usibadilishe silinda moja iliyovuja ukasema zilizobaki bado zinavumilia. Badilisha zote, na mipira yote. Anayebisha akashuke na watoto mteremko wa kutoka Newala kuja upande wa Masasi akiwa na breki ya kupiga mara tatu ndipo ishike.

Halafu usukani. Tairodi endi, kingpini na boksi la stelingi vikilegea, dereva anakuwa anaomba gari liende, haliongozi. Springi za mabamba nazo zina ugonjwa wake wa huku kwetu: ikilala, fundi anaongeza bamba ili gari lisimame juu. Gari linasimama kweli, lakini linakuwa gumu kama kitanda cha mbao, na abiria wa nyuma wanashuka wameshika viuno. Springi iliyokufa ifunguliwe, mabamba yasafishwe, yaliyovunjika yabadilishwe, bushi ziwe mpya.

Upozaji wa injini ndipo panapoharibika kwa ushauri mbaya. Gari likichemsha, gereji nyingi hutoa themostati na kuitupa. Kwa siku chache mshale wa joto unatulia na mteja anafurahi. Lakini injini isiyofikia joto lake inakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni belti iliyolegea, bado umo. Rejeta ifunguliwe na fundi wa rejeta, mirija ichokonolewe, mipira iwe mipya, themostati irudi mahali pake.

Na fowili ijaribiwe kabla ya kuhitajika. Kwenye Series, kitufe cha njano kinabonyezwa chini na magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Wenzo wa kichwa chekundu ukivutwa nyuma unakupa gia nzito pamoja na fowili. Nimeona magari ambayo wenzo ule haujaguswa tangu mwenye gari alipokuwa hai, na umeshika kama umechomelewa. Jaribu kwenye mchanga, si kwenye lami, kwa sababu gari hili halina difu ya katikati na kwenye sakafu ngumu propela na giaboksi hujisokota.

Sasa tuje kwenye kuboresha, neno linalopendwa na vijana. Boresho la kwanza kwa gari la familia ni viti. Land Rover nyingi ndefu zina mabenchi ya pembeni nyuma, abiria wanatazamana magoti kwa magoti, bila mkanda. Kwa magunia hakuna neno. Kwa mtoto, gari likifunga breki ghafla, benchi lile ni hatari. Weka viti vinavyotazama mbele, vifungwe kwenye chasisi kwa bolti za kutosha, na kila kiti kiwe na mkanda wake. Hakuna taa wala winchi inayostahili kutangulia hilo.

La pili ni injini, kwa aliye na uwezo. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni mvumilivu lakini ni mlevi. Wapo wanaoweka dizeli ya Land Rover za baadaye, 200Tdi au 300Tdi, na wapo wanaoingiza dizeli ya Toyota. Uamuzi wowote ni mzuri iwapo spea zake zinapatikana Masasi au Mtwara, au kwa basi la usiku kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Usisahau kwamba kadi ya gari imeandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili injini, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. La sivyo, siku ya ajali kampuni ya bima itasoma kadi kwa utulivu mkubwa kuliko ulivyowahi kuisoma wewe.

La tatu ni matairi, na hapa nashauri unyenyekevu. Kipimo cha 7.50-16 ndicho kilichokuja na gari, na ndicho kinachovaliwa na Land Cruiser nyingi za kazi, kwa hiyo hata katika mji mdogo utapata. Tairi pana lililoagizwa mbali likipasuka Nanyumbu litakulaza huko.

Suala la spea si dogo, na Kusini tuna somo letu. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, uliokuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulitegemea kwa sehemu kubwa matrekta yaliyokwishatumika, yaliyookotwa kwenye maghala ya vita. Mengi yalikufa mapema, spea hazikulingana, mafundi walikuwa wachache, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikautupilia mbali mpango mzima. Fedha haikuwa shida yao. Mashine kuukuu bila spea na bila fundi ni mzigo hata kwa dola.

Kwa bahati, mafundi tunao. Wabenediktini walipoanzisha Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji, hawakuishia kwenye kanisa na hospitali. Karakana nazo zilijengwa, na vijana wengi wa ukanda huu walishika spana kwa mara ya kwanza humo. Waliojifunza kwa waliojifunza huko bado wapo. Lakini wanazeeka, na kijana wa leo anataka kujifunza gari la kompyuta. Simlaumu. Ila gari kuukuu ndilo darasa zuri, maana kila kitu kinaonekana kwa macho na kufunguliwa kwa mkono. Kwa hiyo unapomleta fundi mzee, kubaliana naye aje na kijana, na kijana alipwe. Na wewe mwenye gari uwe na daftari: tarehe, kifaa, bei, jina la duka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuna atakayeniuliza fowili ya nini wakati lami inakuja. Ni kweli. Masasi hadi Songea kupitia Mangaka na Tunduru ni lami. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Mnivata, Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Naishangilia, kwa sababu mgonjwa na korosho hazipaswi kusubiri fowili. Lakini lami inakufikisha mjini. Nchi yenyewe inaanza pale unapoiacha.

Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, magari yakaja kutoka pande nyingi na kujipanga barabarani kwa mamia. Kaskazini wanajua thamani ya gari hili kwa sababu linawaletea mgeni anayelipa. Sisi tuna wanafunzi wa Ndanda waliomaliza kidato cha nne bila kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu pale Newala, na kutazama chini bonde la Ruvuma likienda hadi Msumbiji. Anza na safari hiyo. Ya pili iwe Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Ya tatu, kwa aliyejiandaa, ni Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule kando ya Ruvuma, ambako utaomba kwanza kibali cha mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Na mwisho wa mwaka, Msimbati, ambako njia ya ufukweni ni mchanga mtupu.

Kuhusu mchanga, uwanda wa Makonde utakufundisha wenyewe. Kiangazi unakuwa unga, na dereva mgeni hukanyaga mafuta hadi ekseli inakaa chini. Punguza upepo wa matairi kabla ya kuingia, hadi kama 20 kutoka 30 na kitu, shika gia nzito, usisimame katikati. Beba pampu ya kurudishia upepo, koleo, na vipande viwili vya ubao. Na beba maji. Mvua ya uwandani huzama mchangani na kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi kama zetu za Ndanda. Juu kule ndoo ya maji ina foleni yake. Si adabu kufika kijijini na rejeta inayovuja ukamwomba mama wa watu maji aliyoyatafuta tangu alfajiri. Chakula hakisumbui: ming'oko ya kuchemsha na korosho vinatosha hadi jioni.

Warithi wenzangu, kabla ya kukubali bei ya kilo, mwiteni fundi mwenye nyundo. Wakuu wa vyuo vya ufundi, gari moja kuukuu kwenye karakana litawafundisha vijana wenu mwaka mzima. Nanyi mtakaofufua gari, pangeni fedha kwa utaratibu huu: breki, usukani, springi, rejeta, viti na mikanda, ndipo injini, ndipo rangi. Fedha ikiishia kwenye viti na mikanda, safirini hivyohivyo na rangi iliyofifia. Lakini gari ambalo breki zake hazijafunguliwa na kukaguliwa lisibebe mtoto hata kwa safari ya sokoni.